Mashine Imeharakisha, Damu Je?

Picha za ubongo wenye madoa mekundu na ya manjano zimeenea kila mahali. Zimo kwenye matangazo ya vidonge vya kumbukumbu, kwenye video za wahamasishaji, na kwenye habari zinazodai kwamba wanasayansi wameanza kusoma mawazo ya watu. Maelezo yake husema mashine ya MRI imeuona ubongo ukifanya kazi papo hapo, na kila baada ya miaka michache husikika kwamba mashine mpya inaona upesi zaidi: kwanza sekunde mbili, kisha chini ya sekunde moja, sasa milisekunde tano. Msomaji anabaki na swali la haki kabisa. Kama ubongo unaweza kufuatwa kwa milisekunde, mbona mgonjwa bado anaambiwa alale kimya ndani ya lile bomba kwa nusu saa na zaidi?

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba mambo matatu yanachanganywa na kuitwa kasi. La kwanza ni muda ambao mashine inatumia kupiga picha moja ya ubongo mzima. La pili ni mwendo wa kile kitu chenyewe kinachopigwa picha. La tatu ni muda wa kukusanya picha za kutosha ili jibu liweze kuaminika. Katika miaka thelathini na ushei iliyopita, la kwanza limepiga hatua kubwa sana. La pili liko palepale, kwa kuwa ni la mwili na halifuati ustadi wa mhandisi. La tatu limepungua, lakini kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Bila kuyatenganisha haya, kila tangazo la mashine mpya litaonekana kama mapinduzi.

Kinachopigwa picha ni damu

Seli ya neva inapofyatua umeme, tukio hilo huchukua takribani milisekunde moja. Ubongo wa binadamu una seli za namna hiyo zipatazo bilioni 86. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, na akiba yake ni ndogo mno, hivyo huishi kwa kile ambacho damu inaleta muda huohuo. Sehemu fulani ikianza kazi, vijishipa vyake hutanuka na damu mpya humiminika. Roy na Sherrington walilieleza wazo hili huko Cambridge mwaka 1890, zaidi ya miaka 80 kabla ya picha za MRI kuwapo.

Kiungo kilichokuwa kinakosekana kilitoka kwa wanakemia. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitua haziitikii sumaku kwa namna moja. Iliyotua mzigo wake huvuruga kidogo uga wa sumaku unaoizunguka. Mwaka 1990 Seiji Ogawa, akifanya kazi Bell Laboratories nchini Marekani, alionyesha kwa panya kwamba mvurugo huo unaonekana kwenye picha ya MRI, na kwamba hubadilika oksijeni ya damu inapobadilika. Miaka miwili baadaye makundi matatu, Boston, Minnesota na Milwaukee, yalichapisha karibu kwa pamoja picha za ubongo wa watu walio macho wakitazama taa au kuchezesha vidole, bila kuchomwa sindano ya dawa yoyote. Uchunguzi wa kazi za ubongo kwa MRI ulianzia hapo.

Kuna jambo moja la kushangaza katika mpango huu wa mwili, na bila hilo picha zisingekuwapo. Damu inayoletwa huzidi mahitaji. Seli zinapofanya kazi hutumia oksijeni zaidi, na mtu angetegemea himoglobini isiyo na oksijeni iongezeke mahali hapo. Kinachotokea ni kinyume: damu mpya hujaa kupita kiasi kinachotumiwa, himoglobini iliyoishiwa oksijeni husukumwa nje, uga wa sumaku hutulia, na ishara hupanda. Hupanda kidogo, kwa asilimia 1 hadi 3 kwenye mashine ya kawaida ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Na hupanda polepole. Baada ya tukio la milisekunde chache, ishara huanza kuinuka sekunde moja au mbili baadaye, hufika kileleni kwenye sekunde ya tano au ya sita, hushuka hadi chini ya kiwango ilipoanzia, na huchukua takribani sekunde ishirini au zaidi kutulia.

Penye moshi hapakosi moto, lakini moshi haukuambii ni dakika ipi kiberiti kiliwashwa. Ukipiga picha za moshi mara mia kwa sekunde badala ya mara moja, utaujua moshi vizuri zaidi: unavyosokota, unavyosukumwa na upepo. Kuhusu kiberiti utakuwa umejifunza machache. Mashine ya MRI inayotazama damu iko katika hali hiyo, na kila hoja ya kasi inabidi ipimwe kwa kipimo hicho.

Mashine ilivyoongezewa mwendo

MRI ya kwanza ilikuwa nzito kwa sababu picha hujengwa mstari kwa mstari. Mawimbi ya redio huzisukuma protoni za haidrojeni zilizo kwenye maji ya mwili, protoni hutoa mwangwi, na mwangwi mmoja hutoa mstari mmoja wa habari. Kisha husubiriwa protoni zitulie, ndipo mstari wa pili usomwe. Picha moja ilichukua dakika kadhaa.

Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, alipendekeza mwaka 1977 njia ya kuondoa kusubiri huko. Protoni zinasukumwa mara moja tu, kisha sumaku ndogo zilizo ndani ya mashine hubadilishwa mwelekeo upesiupesi, huku na huku, hadi mistari yote ya kipande kimoja cha ubongo isomwe kabla mwangwi haujafifia. Kipande kizima husomwa kwa makumi machache ya milisekunde. Kule kubadilishwa mwelekeo ndiko kunakotoa ule mlio mkali wa kugongagonga ambao kila aliyewahi kuingia kwenye mashine anaukumbuka: koili zinatikisika kwa nguvu ndani ya sumaku kubwa, na mgonjwa huzibwa masikio ili asiumie. Mwaka 2003 Mansfield na Paul Lauterbur wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa michango yao katika kuzalisha picha kwa MRI.

Ubongo mzima, ukikatwa vipande thelathini na kitu vya unene wa milimita tatu, ulihitaji sekunde mbili hivi. Hapo mambo yalikaa kwa muda mrefu. Hatua iliyofuata ilitokana na wazo lililochapishwa London mwaka 2001 na kundi la David Larkman, likaja kukomaa kati ya mwaka 2010 na 2012 mikononi mwa watafiti wa Minnesota, California na Boston. Vipande kadhaa vinasukumwa kwa pamoja, na mwangwi wake unarudi umechanganyika. Kichwa kimezungukwa na koili za kupokea, mara nyingi 32, kila moja ikisikia zaidi upande ulio karibu nayo. Kompyuta hutumia tofauti hizo kutenganisha kipande na kipande. Mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya miunganisho ya ubongo, Human Connectome Project, ulisukuma vipande vinane kwa mpigo na kupata ubongo mzima, kwa vijichemraba vya milimita mbili, kila baada ya sekunde 0.72.

Kuanzia dakika hadi chini ya sekunde moja: hayo ni mafanikio ya kweli ya uhandisi, na anayeyabeza haelewi ugumu wake. Swali linalobaki ni nini kimenunuliwa kwa mwendo huo, na kwa bei gani.

Faida ya kasi kwa watazamaji wa damu

Kundi la kwanza la wataalamu linashikilia kwamba kasi ina faida hata kama damu haitaongeza mwendo. Hoja yao nzito zaidi inahusu uchafu. Moyo hupiga takribani mara moja kwa sekunde, na kila pigo husukuma damu kichwani na kuusogeza ubongo wenyewe kwa kiasi kidogo. Pumzi nayo huvuruga uga wa sumaku kila sekunde tatu au nne. Mashine inayopiga picha kila baada ya sekunde mbili haiwezi kuliona pigo la moyo kama lilivyo. Hulidaka kwa vipande visivyofuatana, na kwenye takwimu hutokea wimbi la polepole ambalo halipo mwilini. Wimbi hilo la uongo huangukia palepale ambapo watafiti wanatafuta mawasiliano ya sehemu za ubongo zikiwa zimepumzika. Kwa mashine inayopiga picha mara mbili au zaidi kwa sekunde, moyo huonekana kuwa ni moyo, na huweza kuondolewa.

Mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa mwaka 2019. Nina Fultz, Laura Lewis na wenzao wa Boston waliwalaza watu usingizi ndani ya mashine, wakiwa wamevaa kofia ya kupima umeme wa ubongo, na kupiga picha kwa mwendo wa chini ya sekunde 0.4. Kwa mwendo huo maji mapya yanayoingia kutoka chini ya ubongo hung'aa kwenye picha kwa sababu hayajasukumwa na mawimbi ya redio yaliyotangulia. Walichokiona ni mawimbi ya maji ya ubongo yakiingia kila baada ya sekunde ishirini hivi katika usingizi mzito, yakifuata mawimbi ya umeme wa seli na kupungua kwa damu. Ugunduzi huo umefungua maswali juu ya namna ubongo unavyojisafisha usiku, na haukuhitaji milisekunde. Ulihitaji mashine yenye kasi ya kutosha kuona mambo ambayo zamani yalitupwa kama kelele.

Faida ya tatu ni ya wodini. Mtoto wa miaka sita hatulii kwa dakika arobaini, na mgonjwa mwenye uvimbe karibu na sehemu ya lugha huchoka. Picha nyingi kwa muda mfupi humpa daktari nafasi ya kutupa zile ambazo kichwa kilisogea na bado akabaki na za kutosha.

Bei yake

Udhaifu wa njia hii haupewi nafasi kwenye matangazo. Protoni zinahitaji zaidi ya sekunde moja kurudi katika utulivu wao. Ukizisukuma tena kabla ya hapo, kila picha inakuwa na ishara hafifu kuliko ya mwanzo. Kutenganisha vipande vilivyochanganyika nako kunaongeza kelele, hasa katikati ya kichwa ambako koili zote husikia karibu sawa. Na pale kompyuta inaposhindwa kutenganisha vizuri, ishara ya kipande kimoja huvuja na kuonekana kwenye kingine. Sehemu ya ubongo inaonekana inafanya kazi, kumbe inayofanya kazi iko sentimita kadhaa juu yake.

Tatizo lingine ni la hesabu, na ndilo linalowaponza wengi. Picha mia sita zilizopigwa ndani ya dakika tano si ushahidi mara nne zaidi ya picha mia na hamsini za dakika hizohizo, kwa sababu damu inabadilika polepole na picha zinazofuatana zinarudia habari ileile. Programu ya takwimu isiyolijua hilo hudhani ina ushahidi mwingi, nayo hutoa madoa mengi ya rangi. Fani hii ilikwisha kuonywa. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekufa, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na bila marekebisho ya takwimu wakapata madoa ya “kazi” kwenye ubongo wake. Mwaka 2016 Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walionyesha kwamba baadhi ya njia zilizozoeleka za kuchambua data hizi zilitoa matokeo ya uongo hadi asilimia 70 ya mara, ilhali zilitakiwa zisizidi asilimia 5. Miaka minne baada ya hapo yalichapishwa matokeo ya timu 70 zilizopewa data zilezile za watu 108 na dhana tisa za kupima. Hakuna timu mbili zilizofuata njia moja ya uchambuzi, na majibu yalitofautiana kwa dhana kadhaa.

Kasi haikuleta matatizo hayo. Inayazidisha tu, kwa sababu inampa mchambuzi namba nyingi zaidi za kujidanganya nazo.

Je, damu ni goigoi kiasi hicho?

Kundi la pili linasema tumeidharau damu. Ule muda wa sekunde tano hadi sita unatokana na majaribio ya vichocheo vikubwa na virefu. Kwa vichocheo vidogo na vya haraka, wanasema, mishipa huitikia upesi zaidi. Mwaka 2016 Laura Lewis, Kawin Setsompop, Bruce Rosen na Jonathan Polimeni waliwaonyesha watu taswira ambayo nguvu yake ilipanda na kushuka hadi mara 0.75 kwa sekunde. Kwa mfano wa kihesabu uliozoeleka, ishara ya damu ilipaswa kuwa imezama kabisa. Haikuzama. Ilionekana, na ilikuwa kubwa kuliko ilivyotabiriwa.

Kwa panya, Xin Yu na wenzake walifika mbali zaidi mwaka 2014. Waliacha kutafuta ubongo mzima, wakasoma mstari mmoja tu unaokata tabaka za gamba la ubongo, kila milisekunde 50, na wakaona kwamba tabaka la nne, linalopokea habari kutoka thelamasi (kituo cha ndani ya ubongo kinachopitisha habari za hisi), huanza kuitikia kabla ya mengine. Huo ni ushahidi kwamba ndani ya ukawivu wa damu kuna mpangilio unaobeba habari za wakati.

Hoja hii ina nguvu, lakini mipaka yake ni ya kimwili. Mishipa haifanani. Sehemu moja ya ubongo inaweza kuitikia mapema kuliko nyingine kwa zaidi ya sekunde moja kwa sababu tu ya upana na umbali wa mishipa yake. Ukiona eneo la kusikia limetangulia eneo la mkono, huwezi kusema sikio lilianza kazi mapema mpaka uwe umeipima mishipa ya kila upande, kwa mtu huyohuyo. Kwa hiyo njia hii inafaa pale mtafiti anapolinganisha eneo moja na lenyewe katika hali mbili. Anayetaka kuchora njia ya wazo kutoka eneo hadi eneo, kituo kwa kituo, hataipata hapa.

Kuiruka damu

Ndipo likaja kundi la tatu, lenye ndoto kubwa kuliko yote: kuacha kutazama damu na kuiona seli yenyewe. Ndoto hii ni ya zamani. Umeme wa seli hutoa uga wa sumaku, lakini uga huo ukipimwa nje ya kichwa ni dhaifu kuliko wa dunia mara mamia ya milioni, na majaribio ya kuudaka kwa MRI yalikuwa yakiishia kwenye mabishano.

Mwezi Oktoba 2022 jarida la Science lilichapisha kazi ya kundi la Jang-Yeon Park wa Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan, Korea Kusini. Waliiita DIANA. Panya waliopewa usingizi waliwekwa ndani ya mashine ya tesla 9.4, na ngozi ya sharubu zao ikaguswa kwa umeme mdogo. Badala ya kusoma picha nzima baada ya kila mguso, mashine ilisoma mstari uleule mmoja wa picha tena na tena, kila milisekunde tano; mguso uliofuata ukatumiwa kwa mstari mwingine, na mwingine, hadi picha zote zikakamilika. Watafiti waliripoti ishara iliyopanda takribani milisekunde 25 baada ya mguso kwenye gamba la ubongo, huku thelamasi ikitangulia, kama anatomia inavyotaka. Hapo ndipo zile milisekunde tano za magazetini zilipotoka.

Inafaa kuitazama njia hii kwa karibu, maana hata ingefaulu isingekuwa kile ambacho umma ulielezwa. Picha moja ya milisekunde tano imeshonwa kutoka kwenye matukio mengi yaliyorudiwa, kwa sharti kwamba ubongo uitikie namna ileile kila mara. Wazo linalopita kichwani mara moja halina mrudio, na njia hii isingelidaka.

Lakini haikufika huko. Maabara nyingine zilijaribu kurudia na kukwama. Mwaka 2023 wahariri wa Science waliambatanisha tahadhari rasmi kwenye makala hiyo. Machi 2024 jarida la Science Advances lilitoa kazi mbili kwa pamoja. Moja ilitoka kwa kundi la Seong-Gi Kim, ndani ya chuo kilekile cha Sungkyunkwan. Waliiona ishara ya damu vizuri kwa panya wao, lakini walipojumlisha majaribio 1,050 ya panya sita hawakuona kilele chochote cha DIANA. Vilele vilijitokeza pale majaribio yalipokuwa machache, au pale baadhi ya majaribio yalipoondolewa kwa kuonekana hayafai. Kazi ya pili, ya kundi la Alan Jasanoff wa MIT, ilipata ishara zinazofanana na DIANA hata pale ambapo hapakuwa na kichocheo cha kuamsha seli, na kuonyesha kwamba zilitokana na dosari za namna mashine ilivyopangiwa kusoma mwangwi.

Nguvu ya kundi hili ni kwamba linauliza swali sahihi: kama kikwazo ni damu, tafuta kitu kisicho damu. Udhaifu wake, kwa sasa, ni kwamba ishara inayotafutwa ni ya sehemu ya kumi ya asilimia hivi, na kwenye kiwango hicho mashine yenyewe, mpangilio wa programu na uamuzi wa mchambuzi vyote vinaweza kutoa kilele kizuri. Kuna heshima katika kujaribu. Gazeti lililotangaza ushindi mwaka 2022 lilipaswa kurudi kwa wasomaji wake mwaka 2024, na mengi hayakurudi.

Kuunganisha vifaa

Kundi la nne halina mbwembwe na pengine ndiyo maana halisikiki. Linasema vifaa vinavyoona milisekunde tayari vipo. Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha mwaka 1929. Kipimo hicho, EEG, kinafuata umeme kwa wakati wake halisi, ingawa hakioni vizuri umetoka wapi. MEG hupima uga wa sumaku nje ya kichwa, na tangu mwaka 2018, kwa kazi ya Nottingham na London, kuna kofia yake inayovaliwa mtu akiwa anasogea. MRI hutoa mahali, EEG au MEG hutoa wakati, hesabu huunganisha.

Ugumu upo. Ndani ya MRI, ule ubadilishaji wa sumaku huzamisha umeme wa ubongo chini ya kelele kubwa ambayo ni lazima isafishwe, na EEG hushindwa kufika sehemu za ndani sana. Hata hivyo ugunduzi wa maji ya ubongo usingizini ulitokana hasa na kuunganisha hivi, na hilo linanishawishi kuliko ahadi za mashine moja itakayofanya kila kitu.

Mkanganyiko unapofika wodini na mahakamani

Mjadala huu una madhara nje ya maabara. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho huko Tennessee, Marekani, iliombwa ikubali picha za MRI kama uthibitisho kwamba mshtakiwa hasemi uongo. Ilikataa, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono miaka miwili baadaye. Kampuni zilikuwa zikiuza huduma hiyo kwa madai kwamba uongo huacha alama kwenye ubongo. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyejua kiwango cha makosa ya kipimo hicho nje ya maabara, na mashine yenye kasi zaidi isingelitatua.

Mwaka 2023 Jerry Tang na Alexander Huth wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walionyesha programu inayokisia maana ya hadithi ambayo mtu anaisikiliza ndani ya MRI. Ikaitwa kusoma mawazo. Kila mshiriki alikuwa amelala kwenye mashine akisikiliza hadithi kwa takribani saa 16 ili programu imzoee; haikufanya kazi kwa mtu mwingine, na mtu aliweza kuizuia kwa kuwaza jambo jingine. Na damu ilikuwa palepale: kwa sababu ya ukawivu wake, picha moja hubeba athari za maneno yapatayo ishirini, na mfumo wa lugha ndio uliokisia maneno hayo yalikuwa nini.

Kwa upande mwingine kuna kazi ambazo ukawivu haukuzizuia kabisa. Adrian Owen na wenzake mwaka 2006 walimwomba mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu awaze anacheza tenisi kwa nusu dakika, kisha awaze anatembea ndani ya nyumba yake. Maeneo mawili tofauti yaliitikia, kama ilivyo kwa watu wazima wa afya. Alikuwa anasikia na kuelewa. Mashine ya wakati ule haikuwa na kasi ya leo, na daktari hakuhitaji zaidi ya hapo.

Mizani

Nikiyaweka pamoja, naona kasi ya sehemu ya sekunde imejilipia. Inasafisha moyo na pumzi, inafupisha mateso ya mtoto na mgonjwa, na imefungua mambo ya usingizi ambayo hakuna aliyeyatarajia. Masharti ni mawili: vipande visisukumwe vingi kwa pamoja kuliko koili zinavyoweza kuvitenganisha, na takwimu zikubali kwamba picha zinazofuatana si mashahidi wanaojitegemea. Maabara inayotaka picha kila nusu sekunde kwa ajili ya fahari tu inajinunulia kelele.

Kuhusu damu yenye kasi kuliko ilivyodhaniwa, ushahidi wa Lewis na wa Yu ni imara na unastahili kuendelezwa ndani ya eneo moja la ubongo. Kuhusu kuchora safari ya wazo kwa milisekunde, EEG na MEG zikisaidiwa na MRI ndizo njia za kweli kwa sasa.

Kuna hesabu nyingine inayowapasa wasomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2022 huko Mbarara, Uganda, wataalamu wa chuo kikuu cha hapo wakishirikiana na wa Leiden na Pennsylvania waliunda hapohapo Mbarara mashine ya MRI ya sumaku dhaifu, takribani tesla 0.05, ikilenga watoto wenye maji kichwani. Mvurugo wa damu unaotumiwa kuona kazi ya ubongo hupungua sumaku inapodhoofika, kwa hiyo mashine ya namna hiyo haiwezi kuchora ramani za aina iliyojadiliwa hapa. Anayeiuzia hospitali ya mkoa mashine ndogo kwa ahadi ya kuona mawazo anadanganya. Lakini ikiwa fedha za umma ni za kuchagua kati ya mashine moja ya tesla 7 ya kufukuzia milisekunde na mashine nyingi ndogo za kuona maji na uvimbe vichwani mwa watoto, sioni ugumu wa kuchagua.

Na milisekunde tano? Ningekuwa tayari kubadili mawazo siku maabara mbili zisizo na uhusiano zitakapotoa kilele kilekile, kwa majaribio yote bila kuondoa hata moja, huku kilele hicho kikitoweka kichocheo kinapozimwa na mashine ikiendelea kusoma vilevile. Mpaka sasa jaribio la namna hiyo limefanywa mara zaidi ya moja, na mstari ulibaki bapa, au kilele kilibaki palepale kichocheo kikiwa kimezimwa.